Mtoto Asiyelalamika

Mzee mchora mabango hakuwa na kazi ya brashi tena. Maduka yote ya mtaa wake sasa yalikuwa na mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, herufi zimepangwa kama askari wa gwaride, naye alishayazoea. Lakini kila alipopita mahali mtu anapaka rangi mlango, harufu ya tapentaini ilimrudisha nyuma bila kumwomba ruhusa, na ilimrudisha pale pale siku zote: kile chumba cha uani chenye dirisha moja, makopo ya rangi kando ya ukuta, na Nukta amekaa juu ya kopo lililopinduliwa, miguu haifiki chini, anasubiri herufi i.

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa jingine. Hili la Nukta lilitokana na kazi. Alipoletwa kwa mchoraji na mkewe awe mtoto wao, kutoka kituo cha kulelea watoto, alikuwa na miaka minne, macho makubwa, mdomo mgumu kufunguka, na wiki za mwanzo hakuna aliyejua amchezeshe nini. Mke wa mchoraji, aliyekuwa akiuza stempu dirishani posta, alimnunulia mwanasesere. Mtoto alishukuru kwa adabu, akamlaza mwanasesere kitandani, akamfunika, hakumgusa tena. Ndipo siku moja mchoraji, akimalizia bango la duka la vitambaa, akampa brashi nyembamba na kumwonyesha mahali pa kuweka nukta juu ya i. Mtoto akabana pumzi. Akaweka. Ikakaa barabara. Tangu hapo hakuna i iliyotoka katika chumba kile bila mkono wake, na mchoraji akawa anawashauri wenye maduka watumie maneno yenye i nyingi, ila sababu hakuwaambia.

Mtoto alimwita Mchoraji, kama wateja walivyomwita. Mkewe, mtoto alimwita Mama Posta. Mume na mke walikubaliana wasimlazimishe majina mengine. Yakija yatakuja, yasipokuja basi.

Kwa majirani walijisifu kwamba wamepata mtoto mwepesi kulea. Akianguka halii, anajipangusa vumbi na kuendelea. Chakula hachagui. Usiku haiti mtu. Mama mkwe wa mchoraji, mwanamke aliyelea watoto wake na wa wenzake, alikuja kuwatembelea, akamtazama mtoto kutwa nzima, na alipokuwa akiaga akamwambia binti yake pembeni kwamba heshima ya mtoto huyu imezidi, angependa kumsikia akidai kitu hata mara moja. Wao wakaona bibi anatafuta la kusema.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, mchana mweupe. Mama Posta alikuwa kazini. Mchoraji alikuwa na bango la kinyozi, na kinyozi ni neno zuri, lina i mbili. Alimwita Nukta. Mtoto akaja akitembea amejikunja upande wa kulia, taratibu, kama bibi kizee anayetafuta sindano sakafuni. Juzi na jana alikuwa mnyamavu kuliko kawaida, na kwa kuwa kawaida yake ni unyamavu, hakuna aliyeshtuka. Akashika brashi. Nukta ya kwanza ikakaa. Ya pili ikamponyoka na kuteleza hadi kwenye z.

Mchoraji alikuwa ameshafungua mdomo amtanie, akaona jasho limetanda juu ya mdomo wa mtoto. Akamgusa paji la uso. Lilikuwa linachoma.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

Akampakata, akambonyeza tumbo kidogo tu, upande ule aliouinamia. Mtoto hakutoa sauti. Magoti yake yaliruka yenyewe hadi kifuani na machozi yakashuka, lakini mdomo ulibaki umefungwa. Hilo ndilo lililomwogopesha mchoraji. Mtoto akipiga kelele unajua pa kuanzia. Huyu alikuwa anamtazama tu, kama mtu aliyekamatwa na kitu alichoficha.

Akambeba, akatoka naye mbio huku viganja vimejaa rangi nyekundu, hata mwanamke mmoja njiani akadhani ni damu. Jirani yao alikuwa fundi magari, mtu wa maneno mengi, na uwanjani kwake siku ile kulikuwa na gari moja tu lenye uwezo wa kutembea: la mwalimu mkuu, lililoletwa kwa sababu kila likikata kulia honi inalia yenyewe na haikomi mpaka usukani unyooke. Fundi alimtazama mtoto mara moja, akachukua ufunguo. Akafungua mlango wa nyuma, wakaingia.

Njia ya kwenda hospitali ilikuwa na kona nyingi za kulia. Kila kona honi ilipiga ukelele, watu wakaruka pembeni, baiskeli zikapanda kando, na askari wa barabarani akawasimamishia magari mengine akidhani wamebeba mkubwa fulani. Fundi alikuwa ameinamia usukani, anarudia kwa sauti ya chini, "Tunafika, kaka, tunafika." Nukta alikuwa amelaza kichwa kwenye mkono wa Mchoraji. Alipotapika kwenye shati lake, akaomba samahani.

Daktari alikuwa mwanamama mfupi aliyekunja mikono ya koti. Alimpima kwa vidole, akauliza maumivu yalianza lini, na alipoona hajibiwi hakupoteza muda. Alisema ni kidole tumbo, kuna dalili kwamba kimeshapasuka, na mtoto lazima apasuliwe sasa hivi. Wakati huohuo Mama Posta akaingia, viatu vya kazini mkononi, dole gumba bado lina wino wa muhuri wa posta. Fundi alikuwa amekwenda kumchukua posta, na mtaa mzima ulikuwa umemsikia akipita.

Daktari akaanza maswali. Mtoto ameshawahi kupewa dawa ya usingizi? Kuna dawa inayomdhuru? Katika ukoo wenu kuna mtu anayetoka damu isikatike, au aliyepata shida kwenye upasuaji?

Mchoraji alimwangalia mkewe. Alijua kwamba mtoto huyu hutumia mkono wa kushoto akiwa na haraka. Alijua anaogopa njiwa, anapenda ganda la mkate kuliko mkate wenyewe, na akilala hushika sikio lake mwenyewe. Aliloulizwa hakulijua. Ile miaka minne ya mwanzo ilikuwa chumba kilichofungwa, na wao wamesimama nje mikono mitupu.

"Ni wetu," Mama Posta alisema. "Ni wetu tangu mwaka jana. Ya kabla ya hapo hatuyajui."

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu kamili. "Basi tutayapima wenyewe," akasema, akamwita muuguzi aje achukue damu. Haukupita muda machela ikaondoka na Nukta juu yake, mdogo kuliko walivyowahi kumwona.

Walikaa kwenye benchi mbele ya mlango ulioandikwa CHUMBA CHA UPASUAJI. Mchoraji aliyakazia macho yale maandishi kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuyaweka. Aliyeyaandika hakupima mwanzo. Alianza kwa nafasi kubwa, herufi zimejinyoosha, na alipofika mwisho akazibana JI ukingoni kama abiria wa mwisho. Mchoraji akaanza kuyapanga upya kichwani: akapiga mistari ya chaki, akagawa nafasi, akapaka rangi ya chini, akasubiri ikauke. Alimaliza, akaanza tena. Mama Posta, ambaye kwa kawaida hakuweza kunyamaza hata kanisani, alikuwa akisugua dole gumba lake kwa leso, akisugua wino ambao alijua fika hautoki kwa leso.

Daktari alipotoka alivua kofia kwanza, kisha akatabasamu. Kilikuwa kimeshapasuka kweli. Wamesafisha, wameshona, mtoto anapumua vizuri. Alisema wazi kwamba wangechelewa mpaka jioni angekuwa na maneno mengine ya kuwaambia. Mchoraji akamshika daktari mkono, hakuuachia. Mkewe akashukuru kwa niaba ya wote wawili, akamshukuru daktari, muuguzi, msukuma machela, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na ndoo yake.

Asubuhi yake, jua likiwa limeshaingia wodini, Nukta akafumbua macho. Aliwatazama mmoja mmoja, akatazama chupa ya maji inayoning'inia, akatazama mlango.

"Gari linakuja saa ngapi?"

"Gari gani, mwanangu?" Mama Posta akauliza.

"La kituo. La kunirudisha."

Walimtoa maneno polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anavyotoa mwiba. Kule kituoni kulikuwa na mvulana wa kitanda cha jirani, ambaye mara nyingine alianguka na kutetemeka. Akapata watu wa kumchukua, watu wenye bustani. Haikupita miezi akarudi na kimfuko chake kilekile, na wakubwa wakawaeleza wadogo kwamba amerudishwa kwa sababu anaumwa. Nukta alisikia, akaweka moyoni. Tumbo lilipoanza kumuuma alimpa paka mkate wake ili sahani ionekane tupu. Usiku alilala amepiga magoti, kwa sababu hivyo halikuuma sana, na alfajiri akajinyoosha kabla hawajaamka.

Mama Posta alivuta kiti mpaka kikagonga kitanda.

"Sikiliza nikwambie. Mimi mgongo unaniuma tangu mwaka nilioolewa. Huyu Mchoraji amewahi kunirudisha kwetu?"

Nukta akatikisa kichwa.

"Na yeye ana goti bovu. Halafu anakoroma kama lile gari la mwalimu likikata kulia. Nimemrudisha kwao?"

"Hapana."

"Basi ndiyo ujue. Nyumba yetu ni ya wagonjwa watupu. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Kisha kona ya mdomo ikacheza, kicheko kikamtoka ghafla kabla hajakizuia, na uso ukajikunja.

"Inauma," akasema.

"Wapi?" wakauliza wote wawili kwa pamoja.

"Hapa. Nikicheka." Na alipoona hakuna aliyenyanyuka kwenda kutafuta gari, akaongeza kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu, "Na hapa kwenye sindano. Na nina kiu."

Mchoraji alitoka kwenda ukumbini, akasimama akitazama ukuta mweupe usio na neno hata moja, mpaka macho yakakauka.

Nukta alikaa hospitali kwa muda, maana tumbo lililochafuka halina haraka, na siku ya kurudi nyumbani fundi akaja na gari jingine, bovu kwa namna nyingine. Mpaka leo mzee anaikumbuka safari ile kuliko safari zote alizowahi kusafiri. Barabara ilikuwa ileile, maduka yaleyale, nusu ya mabango ameyaandika yeye, na Nukta amekaa mapajani mwake akilalamika. Kiti kinachoma. Gari linaruka. Kifungo cha shati la Mchoraji kinamchoma shavuni. Jua liko upande wake na halihami. Fundi aendeshe polepole, hapana, sasa ni polepole mno. Mama Posta alikuwa anamjibu jambo kwa jambo, anabishana naye kama wanunuzi wawili sokoni, na Mchoraji alikuwa anasogeza mkono kuzuia jua, anageuza kifungo, anakunja goti lake bovu ili mtoto akae vizuri, na moyoni anaomba njia iwe ndefu kidogo.