Gitaa Utalikunja Wapi?

Mume wangu hakuwahi kumshonea mtoto nguo ya kumtosha leo tu. Alikuwa fundi cherehani, na kila gauni la mtoto aliliachia kitambaa cha ziada ndani ya pindo, ili mtoto akirefuka mama yake afumue na maisha yaendelee. Wateja walimpenda kwa hilo. Tangu tumzike nimekuwa nikiikumbuka siku tuliyokwenda kununua gitaa, na ninaiandika nisije nikaipoteza.

Gitaa lilikuwa la binti yetu wa pekee, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mjomba wake aliwahi kumwazima gitaa lake la mbao, kubwa kama mlango. Mkono haukufika. Vidole vikavimba, mtoto akalia, mwishowe akalirudisha mwenyewe bila kuambiwa, na kwa muda mrefu hakutaka hata kulisikia likitajwa. Kisha akasikia gitaa la umeme kwenye sherehe ya shule. Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya cherehani ya baba yake.

"Baba, nataka kujaribu tena."

Tulitazamana, mimi na baba yake. Akishindwa mara ya pili, huyu hatashika tena.

Dukani tulipokelewa na dada mmoja mrefu, kucha zake ndefu mkono wa kulia na fupi kabisa mkono wa kushoto. Mume wangu hakuweza kunyamaza.

"Dada, huo mkono mwingine ulikosa nafasi saluni?"

"Huu wa kudonolea nyuzi, baba, na huu wa kubonyezea. Nikifuga kucha huku, wimbo unageuka mikwaruzo."

Mume wangu akaridhika. Akavua utepe wa kupimia shingoni, maana alitembea nao kila mahali, hata hospitalini. Akampima Chiriku kuanzia begani hadi ncha za vidole, akapima na shingo za magitaa, moja baada ya jingine. Mwisho akashusha jekundu, kubwa, zito.

"Hili. Ataongezeka."

"Baba Chiriku," nikamnong'oneza, "linamzidi."

"Mama Chiriku, saizi za watoto niachie mimi. Ukimnunulia la leo, kesho linambana."

Mtoto akavishwa. Gitaa likamvuta bega upande mmoja. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha tena, vidole vikaishia njiani. Akamtazama baba yake, akatabasamu.

"Ni zuri, baba."

Chiriku kusema maneno matatu na kunyamaza! Nikajua tumeshampoteza.

"Mwambie baba yako ukweli," nikamwambia. "Hang'ati."

Akavuta pumzi. "Baba, gauni likiwa refu unalikunja ili nilivae leo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa gitaa utalikunja wapi?"

Dada wa duka akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mume wangu akautazama utepe mkononi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea meza.

"Nimepatikana," akasema. "Tena na mtu niliyemfunga nepi kwa mikono yangu."

Dada akaleta jingine, jepesi, shingo fupi. Chiriku akaweka vidole na vikatua, vyote. Akadonoa, na dada akachomeka waya ili tusikie vizuri. Ulitoka mlio mmoja, safi, na baada yake mdomo wa mwanangu ukafunguka kama bomba: hili ndilo, mama umesikia, baba umesikia, dada, niongeze sauti?

Ikabaki amplifaya, lile sanduku la kukuza sauti. Baba yake, ambaye hakuwa amekoma, akaenda moja kwa moja kwenye iliyolingana na kabati.

"Hiyo ya uwanjani, baba," dada akasema. "Nyumbani itang'oa bati. Chukua hii ndogo. Ina hata tundu la visikizi vya masikioni, akipiga mnapumzika."

"Nipumzike nini? Mimi ndiye nimekuja kusikiliza."

Tulichukua ile ndogo. Lakini mkanda wa kuvalia gitaa aliukataa katakata. Aliushona mwenyewe siku ileile, kwa mabaki ya kitambaa cheusi cha suti, na kwa ndani akauwekea mikunjo mitatu ya kufumua baadaye. "Gitaa halikunjwi," akasema akimvalisha, "ila mkanda unakunjwa." Alijipa ushindi, tukamwachia.

Nyumbani tukagundua jambo. Kila mume wangu alipokanyaga cherehani yake ya umeme, amplifaya ilinguruma, zzzz, ikafunika wimbo wote. "Ina wivu," akasema. Basi wakapatana: mtoto akipiga, cherehani inalala, na fundi anachukua sindano ashone vifungo kwa mkono. Nguo za wateja zilichelewa. Vifungo vyake, lakini, havikung'oka.

Baba yake alipougua, Chiriku alimpigia gitaa kando ya kitanda. Alipoondoka, mtoto akaanza kutumia visikizi. Hakusema kwa nini, wala sikumuuliza. Cherehani niliifunika shuka.

Juma lililopita alinijia. "Mama, gitaa limenipanda kifuani."

Nikauchukua mkanda, nikafumua mkunjo mmoja kwa wembe. Kitambaa kilichokuwa kimejificha mle kilikuwa bado cheusi kabisa, kama kimekatwa asubuhi. Pembeni palitaka kushonwa upya. Nikaondoa shuka, nikaketi kwenye kiti chake, nikakanyaga.

Zzzz.

Amplifaya ilikuwa imeachwa ikiwaka kando ya ukuta, visikizi vimechomolewa. Nikaondoa mguu. Chiriku alikuwa tayari ananiangalia, macho yamejaa, mdomo unataka kucheka.

"Ina wivu," akasema.

"Iambie ingoje, nakaribia kumaliza."

Nikashona hadi mwisho, nayo ikanguruma hadi mwisho. Nikamvalisha. Gitaa likakaa mahali pake, na mikunjo miwili bado imo. Visikizi akaviacha mezani. Nikazima cherehani, nikatafuta nguo yoyote yenye kifungo kilicholegea, nikavuta sindano na uzi, nikakaa kusikiliza.