Honi ya Mtaa wa Saba

Kijiko cha Baba kiliganda hewani, mchuzi ukidondokea gazeti, nami nikabaki na neno langu mdomoni. Honi ya treni: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Vikombe vililia kabatini. Treni ilipokwisha kupita, Baba alikitia kile kijiko mdomoni, akaniuliza kama theluji itawahi mwaka huu. Nilichokuwa nikimuuliza kilikuwa kingine kabisa.

Brenna Falls yote iliongea hivyo, vipande vipande. Treni arobaini kwa siku. Mchungaji aliiacha baraka hewani, kinyozi aliinua mkasi, na waliokuwa wakigombana walikodoleana macho mpaka behewa la mwisho, kisha wakaendelea palepale walipoishia. Baba na mimi hatukuendelea. Honi kwetu ilikuwa mlango, na tuliufunga nyuma yetu kila mara.

Sasa miaka mingi imepita, na bado huwa nasimama katikati ya sentensi, nikisubiri kitu kisichokuja. Mimi ndiye niliyekiondoa.

Nilikuwa mhandisi wa mji. Baraza lilichoka na malalamiko ya usingizi, likanikabidhi kazi ya kuufanya mji kuwa eneo la ukimya. Sheria ilikuwa wazi: madereva wa treni wataacha kupiga honi kwenye kivuko, pale barabara inapokatiza reli, ila mji uweke kitu kitakachowalinda watu badala yake. Kwa kivuko chetu cha Mtaa wa Saba hicho kilikuwa mageti manne, mawili kila upande, ili hata mwenye haraka asipate upenyo. Nilipima barabara, nikahesabu magari, nikakusanya ripoti za ajali zote. Sikutulia. Nilikula nimesimama, nilitafuna penseli mpaka zikabaki vijiti.

"Unawafunga watu midomo," Baba aliniambia. Alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na moja.

"Nawapa usingizi, Baba."

"Haya, mama mhandisi." Akageukia dirisha.

Mkutano wa wananchi ulifanyika Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa shule. Silaha yangu ilikuwa ripoti moja, ya mwaka 1979. Treni ililigonga lori la maziwa Mtaa wa Saba. Dereva wa treni, Einar Aamodt, baba yangu. Dereva wa lori, Lowell Krause, ambaye siku hiyo alikuwa ameketi mstari wa mbele, mguu wake wa bandia ameunyoosha kwenye njia.

Nikasoma: "Honi ilipigwa. Dereva wa lori hakuisikia." Nikaishusha karatasi. "Kama honi ilipigwa na bado yakatokea haya, basi honi haitoshi. Geti halihitaji sikio."

Walipiga makofi. Lowell akainua mkono.

"Ni kweli sikusikia, Signe. Nimesema hivyo miaka ishirini na nane. Mke wangu akanituma kwa daktari, kaoshe masikio, mzee. Daktari akaniambia nina masikio ya sungura." Ukumbi ulicheka, naye akacheka nao. "Basi wekeni mageti. Mimi nimechoka kuitwa kiziwi."

Nilimtafuta Baba kwa macho. Kiti chake cha nyuma kilikuwa kitupu.

Ilichukua miezi kumi na minne. Mageti yakawekwa, mabango yakasimikwa, barua za taarifa zikatumwa, tukahesabu siku ishirini na moja zilizotakiwa na sheria. Ukimya ulianza Jumanne moja ya Oktoba. Mchana ule nilikuwa jikoni kwa Baba, nyumba ya tatu kutoka relini, nikimwambia aidai ngazi yake kwa Lowell nimsafishie mifereji ya paa. Vikombe vikaanza kulia. Sote tukafunga midomo.

Honi haikuja. Magurudumu yalipita, mazito, kama mtu anayeburuta kabati. Kisha hapakuwa na kitu chochote baina yetu.

"Siku ile sikupiga," Baba alisema.

Sikumuuliza siku ipi.

"Mama yako alikuwa amelala pale dirishani. Daktari alisema usingizi ndio dawa pekee iliyobaki. Kila nilipopita hapa niliuzuia mkono wangu. Wiki tatu, Signe. Halafu nikaliona lori."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilimkumbuka Mama kwenye mito yake, akitabasamu: siku hizi kuna treni zenye adabu.

"Na ripoti?"

"Niliiandika mimi. Mwenzangu wa kwenye treni akatia sahihi. Alishakula sana mezani kwa mama yako."

"Ulikaa nyuma ukanisikiliza nikiisoma mbele ya Lowell."

"Nilisema moyoni treni ikipita, nitasimama niseme. Ikapita." Alizikunja kingo za gazeti, moja baada ya nyingine. "Nikatoka."

Nilitaka kuvunja kitu. Niliosha kikombe kilichokuwa safi. Nilipogeuka, Baba alikuwa amevaa koti na kofia, anatafuta kitasa cha mlango.

"Krause huwa nyumbani saa hizi?"

Mageti yangu yalishuka mbele yetu kwenye kivuko, kengele zake zikilia. Tulikaa garini, treni ikipita mbele ya pua zetu bila honi ya kuitangaza. Kijana aliyekuwa akiiendesha alimpungia Baba. Baba hakuinua mkono. Mageti yalipopanda, mguu wangu ulibaki kwenye breki.

"Tunaweza kurudi nyumbani," nikasema.

"Endesha."

Lowell alikuwa akifagia majani uani. Aliegemea ufagio, akatutazama tukishuka.

"Einar Aamodt. Umepotea njia, au leo ndiyo unakuja kunidai ile ngazi yako?"

Baba alivua kofia. Nyuma yetu kengele za mageti zikaanza tena. Kwa mazoea, Lowell aliinua kidole ili tusubiri.

Baba hakusubiri.