Picha ya Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Asubuhi Kitale iliamka na ukungu mzito, na kutoka mlangoni kwangu mtaani Tuwan sikuweza kuona hata nyumba ya jirani. Niliomba kama kawaida, kisha nikatia mfuko wa udongo kwenye kikapu, kwa sababu jioni ile ningemfinyanga Wabwile.

Wabwile ni mume wangu. Miaka kumi na moja iliyopita alikwenda Kachibora kununua mahindi na hakurudi. Tulimtafuta polisi, hospitalini na mochari. Mwaka huu shemeji yangu Levi aliniita nyumbani Misikhu akaniambia kwamba ukoo umechoka kungoja. Kwetu, mtu aliyepotea akikatiwa tamaa, shina la mgomba huzikwa badala ya mwili wake, ili naye apumzike na watoto wake waendelee na maisha. Walichagua Jumamosi, tarehe 14. Nilikubali. Mimi pia nilikuwa nimechoka, na mwanangu Derrick hangeweza kujenga kwake kabla baba yake hajalazwa kaburini.

Hatuna video ya Wabwile hata moja. Levi alijua kwamba nasoma kutengeneza katuni katika masomo ya jioni. Nilijiunga nikiwa na miaka hamsini na mitatu, nikitaka kuwafanyia watoto wa Sunday school hadithi za kutazama. Akaniomba nimlete ndugu yake akitembea, sekunde chache tu, wajukuu wamwone kwenye ibada.

Mwalimu wetu Muturi alikuwa ametupa zoezi la kufanya tendo moja kwa njia tatu, ili tujue tofauti zake. Tendo langu likawa hilo: Wabwile anatoka mlangoni, anatembea hadi langoni, anapita.

Njia ya karatasi nilikuwa nimeimaliza wiki iliyotangulia. Unaweka karatasi mpya juu ya ile ya kwanza kwenye kioo cha dirisha, unafuata mistari kwa penseli, na mguu unausogeza kidogo. Picha sitini kwa sekunde tano. Ni kazi ya kuumiza shingo, lakini hakuna mstari ambao haukutoka mkononi mwako. Kwa hiyo nilipozipeperusha kwa kidole gumba na kumwona akisita langoni na kuinua mkono, nilijilaumu mwenyewe. Nilidhani nimechora vibaya.

Jumatatu hiyo, darasani, nikafanya njia ya udongo. Udongo nilikuwa nimeuchota nyuma ya nyumba yetu Misikhu, karibu na migomba, kwa vile ni laini na haupasuki. Ndani niliweka waya. Mikono niliifanya kama vijiko, bila vidole, jinsi Mwalimu alivyotufundisha, maana vidole vidogo hukatika. Nikamvika kipande cha shati lake la buluu. Kisha unamsogeza kiasi cha unywele, unatoa mkono, unapiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye stendi. Unamsogeza tena. Hapa ndipo udongo unapoachana na karatasi. Mchoro haupo mpaka uuchore, lakini mtu wa udongo anabaki amesimama pale mezani, hata ukimpa mgongo.

Tulipoziunganisha picha zote sitini, Jepchirchir, msichana tunayekaa naye dawati moja, alicheka. "Mama Derrick, si mzee anakupungia mkono! Msalimie basi."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Muturi hakucheka. Aliisimamisha ile filamu kwenye picha ya arobaini na moja, akaikuza. Mkono ulikuwa juu, kiganja kimetuelekea, na kilikuwa na vidole. Vinne. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Wabwile alipoteza kidole hicho kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, mwaka aliozaliwa Derrick. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote darasani. Niligeuka kumtazama pale mezani. Alikuwa amesimama nilivyomwacha, mikono imeshuka, vijiko viwili.

Nilikwenda nyumbani nikapiga magoti hadi yakafa ganzi. Niliogopa kwamba nimeivunja amri ya kutojitengenezea sanamu. Kesho yake nikampigia mama mkwe wangu, Nabwile, nikamweleza yote. Aliuliza jambo moja tu, kwamba udongo niliutoa wapi. Nikamjibu.

"Umemfinyanga mtu kabla hajalazwa," akasema, "tena kwa udongo wa boma lake. Hivyo ndivyo watu huitwa warudi, mwanangu."

Jumatano ilikuwa zamu ya kompyuta. Huko humgusi mtu wako kabisa. Unaiambia mashine mahali anapoanzia na mahali anapoishia, nayo inajaza hatua zote za katikati. Nilimwomba Muturi aifanye kazi hiyo mwenyewe, mimi nikakaa mbali nimeshika Biblia. Aliweka sehemu mbili tu, mlangoni na nje ya lango. Wabwile akatembea. Akafika langoni, akasimama, akainua kiganja.

Muturi alikagua mara mbili. Kisha akamwondoa mtu, akaweka mpira. Mpira ukabingirika moja kwa moja, ukapita langoni. Akamrudisha mtu. Wabwile akasimama palepale.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "ya karatasi ningesema ni mkono wako. Ya udongo ningesema kuna mtu ameigusa meza. Hii sina la kusema." Alizima mashine bila kuifunga vizuri, jambo ambalo hutukataza sisi.

Jumamosi nilifika Misikhu na zile filamu tatu kwenye simu. Nilitaka kuzificha, lakini nilikuwa nimeahidi, na uongo kwenye ibada singeuweza. Zilionyeshwa kwa projekta ndani ya hema, kwenye shuka jeupe, mvua ikipiga turubai. Shina la mgomba lilikuwa mbele yetu ukingoni mwa hema, ndani ya kaburi lililo wazi, limefunikwa blanketi. Watu walitazama mkono ule ukiinuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Levi ndiye aliyesema. "Si mnaona? Anatuaga, bana. Ndugu yetu anasema kwaheri. Shemeji, njoo utupe udongo wa kwanza, tumlaze."

Nikasimama. Pasta akanipa nafasi kando ya kaburi. Niliuokota udongo, ukawa baridi mkononi. Nilitaka sana kuutupa. Lakini niliishi na mtu yule miaka ishirini, na hakuwahi kuaga kwa mkono. Kiganja kile alikuwa akikiinua jioni akiwa bado barabarani na ng'ombe, aonapo nataka kufunga lango kabla hajaingia, akimaanisha nimngoje.

Nikafungua vidole, udongo ukaanguka karibu na viatu vyangu. Derrick alikuwa akinitazama.

"Mwanangu, nisamehe, utangoja tena kidogo," nikasema. Kisha nikainua sauti ili hata waliokuwa nje ya hema wasikie. "Mimi Sellah, mbele za Mungu, mbele ya mama Nabwile na ninyi nyote, naahidi hivi: Jumatatu naanza Kachibora, nyumba kwa nyumba, na sitakubali lango hili lifungwe mpaka nimlete Wabwile, akiwa hai au mifupa."