Tovuti Tatu, Koo Moja

Baba wa mchumba wangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima unamwita Linganisha. Hanunui msumari kabla hajazunguka maduka yote, akarudi kwenye la kwanza na kumuuliza muuzaji kama bei haijashuka tangu alipotoka. Mtu wa namna hiyo hawezi kumtoa binti yake hivi hivi. Nilipopeleka posa aliipokea, akaiweka kando, akasema kuna mfamasia naye kaleta ya kwake. Atatulinganisha na kutoa jibu Jumapili.

Mfamasia! Mtu anayevaa koti jeupe ili asome miandiko ya wenzake! Nililala na kinyongo, nikaamka nacho.

Tatizo langu lilikuwa kazi. Siku ya utambulisho Linganisha alinitazama juu ya miwani, akaniuliza ninafanya nini. Nikasema niko kwenye mawasiliano, na papo hapo kwikwi ikanishika. Mimi nikidanganya au nikikasirika hupata kwikwi, tena si ya kistaarabu, ni ile inayolia kama mlango wa kabati bovu. Mama mkwe mtarajiwa akaleta maji, shangazi wa mchumba wangu akanipiga mgongoni, haikukoma mpaka nilipoaga.

Ukweli ni kwamba ninapokea simu za watu wanaobeti. Kampuni yetu ina tovuti tatu: Golini Raha, Mkeka Mnono na Bao Safi. Mama yao mmoja, lakini kwa amri ya bosi hadharani hawajuani. Odi zao, yaani viwango vya malipo, ni zilezile mpaka nukta ya mwisho, na zikifungwa kwa matengenezo zinafungwa pamoja. Tofauti ni rangi, picha za wachezaji na sauti inayokujibu ukipiga simu. Na hiyo sauti ni mimi. Kwenye simu nyekundu, ya Golini Raha, mimi ni kijana wa kijiweni. Kwenye ya kijani, ya Mkeka Mnono, ni mtu wa adabu, nanong'ona kama niko msibani. Nyeusi ni ya Bao Safi; hapo natoa sauti nzito, sauti ya mtu mwenye kitambi. Zamani tulikuwa watatu. Wenzangu walipoacha kazi, bosi aligundua kwamba koo langu linatosha.

Ijumaa mchana simu nyekundu ikaita.

"Oya, Golini Raha hapa, mwaga sera!"

"Kijana, mimi ni mtu wa kulinganisha."

Nilishika meza. Ndiye! Linganisha mwenyewe, aliyetangaza sebuleni kwake, mbele ya mkewe, kwamba binti yake hataolewa na mtu anayekula kwa kamari!

"Nataka kubeti kwa mara ya kwanza," akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya kochi. "Niambie, kwa nini nije kwenu nisiende Mkeka Mnono?"

Ningejibu kwa upole yangeisha. Lakini mimi nikimvaa mtu, namvaa na roho yake.

"Mkeka Mnono? Mzee wangu, wale wamelala! Yule jamaa wao anaongea kama anabembeleza mtoto. Ukishinda leo, hela utaipata umeshaota mvi."

"Mvi ninazo tayari."

"Basi utaota za pili."

Akacheka, akakata. Sijameza mate, ya kijani ikaita.

"Karibu sana, baba. Hapa ni Mkeka Mnono, nikusaidie nini?"

"Kuna kijana wa Golini Raha anasema nyinyi mmelala. Na kwamba wewe unaongea kama unabembeleza mtoto."

Hapo ndipo nilipopotea. Najua, aliyesema ni mimi. Lakini yule mpole wa Mkeka Mnono nimemlea mwenyewe, nimempa adabu zote ambazo mimi sina, halafu mhuni mmoja anamtukana hivi hivi?

"Baba, huyo mpiga kelele hata salamu hajui," nikasema. "Na hiyo bonasi yao usiiguse. Huwezi kuitoa mpaka uibeti mara kumi."

"Na ya kwenu?"

"Mara kumi, baba. Lakini kwa heshima."

Akakata, akapiga nyekundu, akafikisha maneno yote bila kupunguza hata moja. Golini Raha akawaka. Alimwita mwenzake mchawi wa kunong'ona, akamwalika watoke nje.

Linganisha akasema, "Sipendi vijana wagombane kwa ajili yangu. Usikate. Nina simu mbili, nampigia mwenzako niwapatanishe sasa hivi."

Ya kijani ikaita. Nikaipokea. Nyekundu sikio la kushoto, kijani sikio la kulia.

"Nimewaweka kwenye kochi kwa spika, mnatazamana," akasema mzee. "Golini Raha, anza. Mwombe mwenzako radhi."

"Oya, kaka, yaishe."

"Nimekusamehe, ndugu yangu," nikajibu kwenye simu ya kijani, "ingawa hukunisalimia."

"Unamsikia, mzee? Ananichokoza!"

"Nani kamchokoza nani, ndugu yangu?"

"Wewe! Na huo upole wako wa bandia!"

Nilikuwa nimekasirika kweli, pande zote mbili. Kwikwi ikatoka. Ililia kwenye simu zote mbili, kwa wakati mmoja.

Ikatoka nyingine.

"Imewashika wote wawili?" akauliza Linganisha, polepole mno.

"Hapana," nikajibu, na kwa kuchanganyikiwa nikajibu kwa sauti ya Bao Safi.

"Na wewe wa tatu ni nani?"

Nikakata zote. Mara simu nyeusi ikaanza kuita. Sikuigusa.

Jumapili nilikwenda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Linganisha alikaa katikati ya mkewe na shangazi. Mchumba wangu, anayeijua kazi yangu, alikuwa anasoma dari.

"Nimelinganisha," akasema mzee. "Mfamasia ametulia. Lakini ndoa inataka mtu anayejua kuumaliza ugomvi, hata kama kauanzisha mwenyewe. Huyu nimemsikia akisamehe."

"Umemsikia wapi?" mkewe akadakia.

Mzee akanitazama. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yanayoniomba.

"Kwenye simu, mama," nikasema. "Tuliongea mambo ya kazi."

"Kazi gani?"

"Mawasiliano," tukajibu pamoja, na kwikwi ikanipasua kifua.

Mama mkwe akakimbilia maji. Linganisha akaniinamia sikioni.

"Binti nimempa yule wa Mkeka Mnono. Yule wa Golini Raha asikanyage nyumba hii."

"Na yule wa tatu, mwenye kitambi?"

"Huyo aje karakana kesho asubuhi. Kuna makochi ya kubeba."