Mlango wa Chumvi

Theluji ya kwanza ikigusa ardhi, mlango wa chumvi unazibwa kwa mawe mpaka iyeyuke. Ndiyo sheria yetu watu wa chini ya mlima, na sababu yake hata mtoto anaijua. Warefu, watu wa huko nje, tunauziana nao bila kuonana: sisi tunaacha visu kwenye jabali la bondeni, wao wanaacha chumvi. Lakini wakiona nyayo fupi zinaishia kwenye mwamba, watahitaji tena kuambiwa mlango uko wapi?

Sasa theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, na Gunnvor, bawabu wa mlango ule, alikuwa bado hajaruhusu uzibwe. Dada yake Dagrun alikuwa nje, amefuata chumvi. Gunnvor hatulii. Anapanda kwenye tundu lililo juu ya mlango, anachungulia nje, anashuka, anazunguka, anapanda tena.

"Utalitoboa hilo tundu kwa jicho," alisema mzee Brand, mwashi, amekaa juu ya rundo la mawe yake. "Udongo wangu unakauka, binti."

"Tia maji."

"Nimeshatia mara ngapi? Sheria haina dada wala shangazi."

"Na wewe mzee huna haya! Chumvi unayokula kila siku anakuletea nani?"

Brand akatia maji.

Loo, jinsi Gunnvor alivyomlaani dada yake asubuhi ile! Mzembe, mpenda maneno, bila shaka kasimama mahali anachagua chumvi kama anachagua mchumba. Halafu roho inamruka, anaomba radhi kimoyomoyo, anapanda tena tunduni.

Mara akamwona. Dagrun huyo anapanda, mzigo mgongoni, kainamia upepo. Gunnvor alicheka kwa sauti, akashika komeo.

"Anakuja! Sogeza mawe yako, mzee!"

Lakini alipokaribia kiasi cha kurushiwa jiwe, Dagrun alikata kushoto, akashika njia ya korongoni. Hakugeuza hata shingo. Akaanza kuimba kwa nguvu ule wimbo wa matusi wa wachimbaji, ambao mama yao aliwahi kumpigia kofi.

"Kapotea?" Brand aliuliza. "Mwite!"

Gunnvor alifungua kinywa, kisha akakifumba. Nyuma ya dada yake walitokea Warefu watatu wenye pinde, vichwa chini, wanazisoma nyayo. Walipita mbele ya mwamba, wakaufuata wimbo. Kisha wimbo nao haukusikika tena.

Gunnvor alishuka. Alimweleza mzee alichokiona. Brand aliinuka kutoka kwenye mawe yake.

"Basi tungoje kidogo, binti yangu," alisema. "Kidogo tu. Dagrun mjanja, atawazungusha huko, atarudi."

"Akirudi, atarudi na nyayo zake. Anajua. Ndiyo maana hakugeuka."

"Binti..."

"Nipe jiwe, mzee."

Hakumpa. Gunnvor akaliokota mwenyewe, akalipaka udongo, akalipanga kizingitini huku analia kwa sauti, kisha akainama kuchukua la pili.