Yule wa Tatu Asiyeshuka

Patroba alikuwa mtu wa maneno, na hilo hata wasiompenda kule Lugari walimkubalia. Ukimpa habari yoyote, iwe ya Nairobi, ya Ulaya, au ya wafalme waliokufa zamani, angeigeuza mpaka ucheke ushike mbavu. Yeye mwenyewe hacheki. Watu walidhani ndio ufundi wenyewe wa mzaha, kuchekesha wenzako huku umekaza uso. Mkewe Jescah alijua zaidi. Alijua kwamba mumewe hajacheka, wala hajalia, tangu mwaka wa sitini na nne, lori lilipomchukua mtoto wao wa kwanza, Kegode, likaenda naye Kongo.

Kegode alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva. Lori lao lilibeba sabuni na chumvi kutoka Kisumu, likapita Uganda, likaingia Kongo kuelekea Stanleyville, na haukupita muda vita vikawaka huko. Lori halikurudi. Dereva hakurudi. Patroba alikwenda Kisumu kumwuliza mwenye lori, akaenda tena, na kila mara mwenye lori aliinua mikono tu, maana hata yeye alikuwa akilisubiri. Basi. Miaka mitano ikapita hivyo, hakuna barua, hakuna maiti, hakuna kaburi.

Sasa, kwa Wamaragoli wa ukoo wa Patroba, mtu akipotea namna hiyo haachwi aning'inie hewani. Hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likazikwa kwa maombi na vilio kama mtu, na watu wakakaa matanga. Hapo mkewe ataitwa mjane, na wadogo zake wataacha kuchungulia barabara. Lakini panga la kwanza hushikwa na baba mzazi, na baba mzazi alikuwa amekataa katakata.

"Subira huvuta heri," alisema kila akiguswa.

"Heri gani hiyo inayovutwa miaka mitano?" Jescah alimjibu siku moja. "Hiyo ni heri au ni trekta imekwama?"

Aliyeumia zaidi ni Mideva, mke wa Kegode. Aliachwa bado bibi harusi, hata sufuria zake za zawadi hazijashika masizi. Akabaki pale kwa wakwe zake, analima, anateka maji, si mke si mjane. Ndugu zake wa Vihiga walishatuma wajumbe: mzikeni mume, au mturudishie mtoto wetu. Patroba aliwapokea vizuri, akawachinjia kuku, akawapigia soga tamu mpaka wakatoka wanacheka njia nzima. Walipofika kwao ndipo wakagundua hawakupewa jibu lolote.

Mwezi wa saba wa mwaka wa sitini na tisa ulianza vibaya. Waziri mmoja, kijana bado, alipigwa risasi Nairobi mchana kweupe. Redio ikawa ya nyimbo za kanisani tu, na watu wa mashambani wakapita barabarani kimya, wakisalimiana nusu nusu. Patroba aliwatazama akaona kwamba nao wamekufa ganzi, kama yeye. Hakufurahi, wala hakusikitika. Karibuni, alisema moyoni, hapa ndipo ninapokaa.

Kabla watu hawajapumua, redio hiyo hiyo ikaleta kisa kingine: Wamarekani watatu wamepaa kwenda mwezini.

Haya! Redio ya karibu ilikuwa ya Patroba. Alikaa kwenye banda la zamani la kukamulia ng'ombe la mzungu aliyeondoka, banda lenye sakafu ya saruji na mabati mazuri, na yeye alipenda kusema kwamba ng'ombe wa mkoloni waliishi vizuri kuliko babu yake. Mchana Jescah alianika betri juani juu ya ungo ili zipate nguvu. Na alfajiri ya Jumatatu, hata watu hawajakamua, majirani walishajaa mle ndani na mablanketi yao mabegani, maana Julai ya Lugari haina huruma. Mbele kabisa aliketi Sifuna, wa ploti ya chini, mzee aliyepigana Burma akarudi na koti la jeshi na kikohozi.

Mtangazaji akasema wawili wameshuka, wanatembea. Akasema wamesimika bendera.

"Ala!" Patroba akaruka. "Bendera tayari? Hiyo hadithi naijua. Kwanza bendera. Halafu kodi ya nyumba. Halafu kipande shingoni."

"Lakini huko hakuna watu, Baba Kegode," Sifuna alisema.

"Hata hapa waliambiana hakuna watu."

Banda zima likaangua kicheko. Sifuna alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akapigwa mgongo.

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Tujiandikishe mapema, kabla machifu hawajagawiana. Ekari kumi na tano kila mtu, karibu na mto."

"Redio inasemanga huko hakuna maji hata tone."

"Basi ni kama ploti yako tu, Sifuna. Utazoea."

Wakacheka tena. Jescah akapitisha chai, naye pia alitabasamu kidogo, maana mzaha ni mzaha hata ukitoka kwa mtu aliyekuudhi. Patroba alisimama katikati yao na kikombe chake, akisikia vicheko kama mtu anayesikia mvua ikinyesha kwa jirani. Hakuna tone lililomfikia.

Ndipo mtangazaji akataja yule wa tatu. Wenzake wako chini, alisema, lakini yeye hakushuka. Amebaki na chombo, anauzunguka mwezi peke yake. Na kila akipita upande wa nyuma hasikiki, haonekani, hakuna mtu duniani anayejua habari zake, mpaka atokeze tena upande wa pili.

"Amesema nini kuhusu huyo?" Patroba aliuliza.

"Huyo si kitu," Sifuna akasema, bado ana machozi ya kicheko. "Mtu gani huyo, anafika mwezini halafu hashuki? Analinda gari tu. Huyo ndiye taniboi wao!"

Neno likishatoka halirudi. Vicheko vilikatika. Sifuna akaziba mdomo kwa kiganja. Kule mlangoni Mideva, aliyekuwa amesimama nje kidogo kwa heshima ya baba mkwe, aliinua ndoo yake akaondoka.

"Ndiyo," Patroba alisema polepole. "Ndiye taniboi."

Tangu hapo hakutaka tena habari za bendera wala za mawe yaliyookotwa. Alitembea na redio mpaka shambani, akaining'iniza kwenye mti wa ua, akawa anapalilia mahindi sikio moja liko huko. Alitaka kujua jambo moja tu, kama yule wa tatu ametokeza. Redio haikutaja hilo kila mara, na hapo alikasirika, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Jescah alimwona akaogopa. Alifikiri, huyu mzee sasa amepata tumaini jipya, atangoja miaka mingine mitano.

Kesho yake wakatangaza kwamba wawili wamepanda, wamekutana na mwenzao, na wote wameshika njia ya kurudi. Patroba alisema "mm" tu, akaendelea kupalilia.

Alhamisi mchana alikuwa ameketi karibu na ungo wa betri, akizigeuza zisiungue upande mmoja. Mideva akaja, akasimama mbali, uso ameuelekeza kwenye zizi, maana mkamwana hamkazii macho baba mkwe.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Hao watu wa mwezini wasiporudi, ndugu zao watawazikia mgomba?"

Hilo lilikuwa swali ambalo hakuna mtu mwingine pale nyumbani angethubutu kuliuliza. Patroba alikuwa na mzaha tayari, kwa kuwa mizaha yake haikusubiri kuitwa.

"Marekani hakuna migomba. Labda watazika bua la hindi."

Mideva hakucheka. Kidole chake kilikuwa kikichora kwenye nguzo ya zizi.

"Watazika kitu, basi," alisema, akashika njia ya kisimani.

Patroba alibaki na betri mkononi. Mzaha ule ulikuwa mzuri. Jioni yoyote nyingine ungempa kicheko cha banda zima. Alijaribu kuurudia moyoni auone unachekesha wapi, na hakuona.

Jioni hiyo watu wakarudi kusikiliza taarifa. Chombo kimeanguka baharini salama, mtangazaji akasema, na wasafiri wameshatolewa. Watu wakapiga makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele kana kwamba ni watoto wake wamerudi kutoka shule.

"Wote watatu?" Patroba aliuliza.

"Wote watatu," Sifuna alisema.

"Hata yule?"

Sifuna alimtazama, safari hii bila mzaha. "Hata yule, Baba Kegode. Mzima."

"Kwenda na kurudi wametumia siku ngapi?"

"Nane."

Patroba aliizima redio. Watu walinung'unika, mmoja akasema mzee, nyimbo bado, lakini walipoona uso wake wakanyamaza. Kijiti kikavunjika motoni. Mideva alikuwa pale mlangoni, na Jescah ameshika kibuyu cha maziwa bila kukiweka chini.

"Sifuna, wewe umetembea dunia, umefika Burma. Nakuuliza. Stanleyville ni mbali kama mwezini?"

"Si mbali hivyo."

"Kuna barabara."

"Barabara ipo. Mbovu, lakini ipo."

"Basi angekuwa amerudi."

Patroba hakuwa anangoja jibu, alikuwa anahesabu tu kwa sauti, taratibu, kama mzee anayeteremka ngazi gizani. Watu wametoka mwezini. Watu wamepita nyuma ya mwezi wakatokeza. Na huku kuna barabara, na miguu, na miaka mitano.

"Mwanangu amekufa," alisema. "Mama Kegode, mwanangu amekufa."

"Najua, baba," Jescah alisema. "Najua siku nyingi."

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mahindi wakati watu walipokusanyika nyuma ya banda, penye migomba. Machipukizi yake yalitoka Maragoli, na Kegode ndiye aliyeyabeba begani siku walipohamia huku. Jescah alikuwa ameleta shati la mwanawe na suruali, zimekunjwa. Patroba alichagua shina, akaliegemea, akainua panga. Kisha akalishusha.

"Urefu," alisema. "Alikuwa ananifika wapi?"

Aliweka kiganja kwenye kidevu, akakipandisha kwenye sikio, akakipandisha kwenye paji la uso. Hakukumbuka. Mwanawe mwenyewe, na hakukumbuka. Akamtazama Jescah kama mtoto aliyepotea sokoni.

Ni Mideva aliyesogea. Heshima ya wakwe aliiweka kando siku hiyo, akaja mpaka karibu, akanyoosha mkono juu ya kichwa cha baba mkwe wake, juu zaidi, akashika shina pale.

"Hapa," alisema. "Alikuwa amekupita, Baba."

Mideva akatoa mkono, na Patroba akakata pale aliposhika, kisha akakata chini penye udongo. Shina lilianguka, na Mideva akaachia kilio alichokifungia miaka mitano, kilio kirefu kilichofika ploti ya chini na kuamsha mbwa wa Sifuna. Maji ya mgomba yalimtiririkia Patroba kwenye viganja na vifundo vya mikono.

"Ni baridi," alisema.

Watu walingoja mzaha unaofuata, kwa mazoea tu. Sifuna hata alianza kuinua kichwa. Lakini Patroba alikuwa ameketi chini kwenye majani mabichi, shina amelipakata, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ni baridi, Mama Kegode. Mletee shati."