Mto Ulipohamia kwa Fundi Cherehani

Habari hii nilipewa na wifi yake fundi mwenyewe, asubuhi moja tulipokaa benchi moja kungoja kupimwa macho, hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu yatokee. Wifi anayajua hata ya moyoni mwa fundi, kwa sababu fundi akishona hunong'ona kila analowaza, na yeye hukaa pembeni akishikiza vifungo. Ninayaandika kama alivyoyasema, chumvi sikuongeza.

Fundi ni mjane wa miaka sitini na mbili, mshonaji wa sare za shule. Anaishi na huyo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, katika nyumba yenye korido moja ndefu iliyonyooka kama rula: mlango wa mbele upande huu, mlango wa uani upande ule, cherehani katikati penye mwanga. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, alivaa buti za mpira akaenda kusafisha mto pamoja na wenzake kumi. Hakuna aliyewalazimisha. Walijitolea tu, kwa kuwa mto ni wao na wao ni wa pale.

Walikuwa wamegawana ukingo, kila mtu na kipande chake. Cha fundi kilianzia kwenye daraja la miguu kikaishia kwenye bomba la kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Alitoa humo chupa, ndala za mguu mmoja, magodoro yaliyoshiba maji, na siku moja mlango mzima wa jokofu. Jumamosi pakawa safi, Ijumaa pakawa pamerudi palepale. Hakulalamika. Ila akifika nyumbani alikuwa akikaa kwenye kiti na buti zake miguuni nusu saa nzima, kwa kukosa nguvu ya kuzivua.

Bomba lenyewe lilikuwa na pazia. Hilo lilikuwa wazo lao kikundi. Mwaka wa pili walitarajia mgeni rasmi, na mdomo wa bomba ulitia aibu, mpana kama mlango, unatapika maji ya rangi na harufu ya kukereketa koo. Mwenyekiti, tarishi mstaafu mwenye adabu nyingi, alisema si heshima mgeni kupokewa na mdomo ule. Fundi akapima, akashona pazia la turubai lenye pindo pande zote, wakalitundika. Mgeni alilisifu, na pazia likabaki. Maji yalilila kila baada ya miezi mitatu, fundi akashona jingine, kitambaa kikitoka kiwandani bure pamoja na glavu za kikundi. Rangi ya maji ilimsaidia hata kazini. Bluu ikizidi, alijua shule zinakaribia kufunguliwa, akaenda kununua uzi.

Basi Jumanne moja, saa kumi alasiri, fundi alikuwa akipiga pindo sketi ya mwanafunzi pale maji yalipoingia chini ya mlango wa mbele. Yalikuwa maji meupe, ya kina cha kiganja, na mchanga wake na samaki wake wadogo. Yakaja na korido, yakapita chini ya cherehani, yakafika mlango wa uani, yakageuka, yakarudi. Fundi aliinua miguu akaiweka juu ya kiti. Aliujua mto papo hapo. Ulipofika usawa wa chumba cha kulala ulikata kushoto kisha kulia, vilevile kama unavyokata pale darajani, ingawa korido haina kona.

"Wifi," aliita wifi kutoka jikoni, "umeacha bomba wazi?"

"Si bomba. Ni mto."

"Mto gani?"

"Kwani tunayo mingapi, wifi?"

Wifi alichungulia, mwiko mkononi. "Uambie basi ufute miguu kwanza. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Jioni ile ile fundi alikwenda darajani. Alidhani atakuta mchanga mkavu. Alikuta mto umejaa ukingo kwa ukingo, bluu, unakwenda. Alisimama akishika tama. Upande wa juu wa bomba, mto unakotoka, palikuwa pakavu kabisa, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba pamekuwa pakavu miaka mingi, kwani kiwanda huvuta maji yote huko juu kwa pampu. Chini ya pazia ndipo yalipoanzia yale ya bluu. Mto ulikuwa nyumbani kwake, na hapa hakikupungua kitu. Watu walipita na mizigo yao, na hakuna aliyegeuza shingo.

Alirudi, akavuka korido kwa kupandisha gauni, akalala bila kula.

Mto haukutulia. Ulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina. Siku ya kwanza ulikuwa wa ukuta kwa ukuta. Alhamisi ulikuwa umeacha vigae viwili pande zote mbili. Ijumaa samaki mmoja alibaki pembeni, fundi akamrudisha kwa kijiko.

"Unakonda," alisema fundi.

"Nani asiyekonda nyumba hii?" alijibu wifi. Lakini usiku huo alimwaga ndoo mbili za maji ya kunywa pale mlangoni, akidhani fundi hamwoni. Hayakusaidia kitu.

Jumamosi fundi aliwaambia wenzake.

"Mto uko kwangu."

"Tangu lini?" aliuliza kinyozi, mwenye kipande kinachopakana na chake.

"Jumanne."

"Bahati yako. Mimi kwangu amehamia shemeji tu, na huyo hata akikauka haondoki."

Walikwenda wote kuutazama. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi ya wateja, wakatia miguu majini. Mwenyekiti alikunja suruali mpaka magotini, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alikaa robo saa bila kutoa tangazo. Kinyozi alikunywa kwa kiganja. Mmoja alisema kwamba katika miaka yote tisa hakuwahi kuugusa mto bila glavu. Wifi aliwapa chai, akawakumbusha wasimwage majani humo.

Kisha wakausindikiza urudi kwao. Mto ulitangulia, wao wakafuata, na barabarani wanawake walishika pindo za nguo ukapita. Waliuongoza mpaka juu ya bomba, kwenye mchanga mkavu, ukashuka wenyewe mpaka usawa wa pazia. Hapo ulisimama. Bluu ilikuwa inapita chini ya turubai kwa kishindo. Mto ukaitazama, ukageuka, ukapanda ukingo. Walipofika nyumbani kwa fundi waliukuta umeshafika, umekuwa mwembamba zaidi.

Walirudi darajani kufanya kikao. Fundi, ambaye miaka tisa hakuwahi kunyoosha mkono kikaoni, alinyoosha.

"Tuliondoe pazia," alisema. "Watu waone kinachotoka. Kiwanda kione aibu kifunge, mto urudi. Wiki mbili nyingine hatutakuwa nao."

Mwenyekiti alivua kofia, akaigeuza geuza. "Fundi, nakuelewa. Lakini tukisema mto uko kwako, tutaulizwa swali moja tu. Miaka yote hii tulikuwa tunasafisha nini?"

Chini ya daraja yalipita maji, na chupa tatu.

Walipiga kura. Wote kumi walikataa, hata kinyozi, aliyenyoosha mkono huku akitazama viatu vyake. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba Jumamosi ijayo mgeni rasmi ni meneja mwenyewe wa kiwanda, na pazia la sasa limeshatoboka. "Utatusaidia, fundi. Mwenye cherehani ni wewe."

Alitaka kukataa. Alikuwa na neno lenyewe mdomoni. Lakini aliwaza kwamba mshonaji wa pazia ndiye husimama karibu na mgeni siku hiyo, na hakuna mlango mwingine wa kumfikia meneja. Akaenda nyumbani, akakata turubai, akashona siku nne, na mto ukipita chini ya miguu yake inayokanyaga cherehani.

"Hivi unalishona na mwenyewe anakutazama?" aliuliza wifi.

"Ananitazama."

"Mimi nisingeweza."

"Ndiyo maana wewe ni wa vifungo, wifi."

Wifi alicheka, kisha akaacha, kwa kuwa aliona fundi hacheki. Akachukua upande wa pili wa turubai akamshikia, maana lilikuwa zito.

Siku ilipofika, kikundi kilivaa fulana mpya zenye jina la kiwanda mgongoni. Meneja alikuja mapema, mtu mnyenyekevu, akamsalimia kila mmoja kwa mikono miwili. Walipofika kwenye bomba, fundi alikuwa amesimama palepale alipopanga kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Meneja, mto umehamia kwangu. Unakauka. Lifunge bomba hili urudi nyumbani kwake."

Meneja hakustuka. Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, mama. Kwetu kijito kiliwahi kuhamia jikoni kwa mama mkwe wangu. Mwanzoni ni taabu, baadaye huzoeleka."

"Mimi sitaki kuuzoea. Nataka urudi."

"Sasa mama, nikifunga wiki hii, watoto watavaa nini? Shule zinafunguliwa." Alilipapasa pazia, akavuta pindo, akalichungulia kwa ndani na kwa nje. "Mshono huu! Tazameni, hata harufu haipiti." Akamwita mpiga picha. Fundi alijikuta katikati, mkono wa meneja begani, mwenyekiti kushoto kwake akitabasamu. Alikumbuka sare arobaini na mbili zilizokunjwa mezani kwake, zote bluu. Mpiga picha aliomba asimame vizuri. Alisimama vizuri.

Alirudi nyumbani saa saba mchana. Mto ulikuwa umebaki upana wa kigae kimoja, na bado unakwenda, mlango wa mbele, mlango wa uani. Samaki walikwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa kuwa wawili hawakuenea.

"Amesemaje?" aliuliza wifi.

Fundi alikaa kwenye kiti chake, buti miguuni. "Amesema huzoeleka."

"Umemwambia unakauka?"

"Nimemwambia. Amesema pole."

Wifi alifungua mdomo kumtukana meneja, lakini ilikuwa mchana wa joto, na tusi lenyewe halikuja. Fundi aliinama akausemesha mto. Aliuambia yote bila kuficha, habari ya kura, ya picha, ya shule zinazofunguliwa. Aliuambia kwamba bomba halitafungwa, na kwamba pazia ni yeye aliyelishona.

Mto ulikwenda mara moja zaidi mpaka mlango wa uani. Ukarudi mpaka katikati ya korido. Hapo ukasimama. Haukwenda tena mbele wala nyuma. Ulijikusanya mahali pamoja, dimbwi la kutosha kutia miguu ya mtu mmoja, na uso wake ukalala kabisa, ukaonyesha dari.

"Umetulia," alisema wifi kwa sauti ya chini.

"Umechoka."

Wifi alipiga magoti, akamvua fundi buti moja, kisha ya pili, akamwekea miguu majini. Akaleta mto wa kulalia, akamwegemezea kichwa ukutani. Kisha akajilaza kwenye benchi la wateja, kanga usoni, na haukupita muda akaanza kukoroma.

Fundi hakulala mara moja. Siku kumi na moja alikuwa amezoea sauti ya maji yanayokwenda, na sasa nyumba ilikuwa kimya. Mlangoni mtu alibisha, akauliza kama sare za mwanawe ziko tayari.

"Ziko mezani, ingia uchukue," alisema fundi. "Pita pembeni, usikanyage."

Mteja alipita pembeni, akachukua, akaaga. Maji yalikuwa ya baridi mpaka kwenye vifundo. Samaki mmoja alikuja akagusa kidole chake, akakaa hapo. Fundi akafumba macho, akalala.